Fundi Seremala Aliyeandika Majina

Hotuba iliyotolewa Masukulu, wilaya ya Rungwe, katika shughuli za maadhimisho ya hekalu letu



 Hekalu letu liko mjini, na shughuli nyingine zote za maadhimisho zitafanyika huko. Mkutano huu mmoja tuliomba sisi wenyewe ufanyike Masukulu, na kamati ikatukubalia baada ya mjadala ambao hatuna haja ya kuusimulia. Sababu ya ombi letu mtaiona kabla hatujaketi.

Tumepewa kazi ya kueleza maisha na kazi ya mtawa mmoja wa Kihindu, Nishkulanand Swami, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa historia ya watawa wa Swaminarayan. Hatukuja kama wasomi. Elimu yetu iliishia sekondari, na tangu hapo tumesoma ankara nyingi kuliko vitabu. Lakini mtu huyu tulimjua tukiwa watoto, kwa kuwa kitabu chake kilisomwa nyumbani kwetu, na katika miezi hii ya maandalizi amerudi kutusumbua usingizini. Ndiyo maana tumeona heri kumzungumza mbele yenu ninyi majirani kuliko mbele yetu wenyewe tu.

Kwanza, kwa faida ya majirani, tuseme kidogo juu ya nchi na nyakati zake. Magharibi mwa Uhindi kuna rasi iitwayo Kathiawar, ambako ndiko walikotoka babu zetu sisi na babu za wengi wa wenzetu wa hekalu. Miaka 200 iliyopita rasi hiyo iligawanyika katika vitawala vidogo vidogo visivyohesabika. Wanyang'anyi walitembea mchana, mvua zilikuwa za kubahatisha, na njaa ilikuwa mgeni aliyejua njia ya kila nyumba. Mwaka 1799 alifika katika kijiji cha Loj kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Chhapaiya kaskazini mwa Uhindi, ambaye alikuwa ameondoka kwao akiwa mtoto na kutembea kwa miguu nchi nzima. Alipokewa na mwalimu aitwaye Ramanand Swami, na mwaka 1801 akarithi uongozi wa wafuasi wake. Huyo ndiye tunayemwita Swaminarayan. Alikataza watoto wachanga wa kike wasiuawe na wajane wasichomwe pamoja na maiti za waume zao, akahimiza visima na mabwawa yachimbwe, na akakusanya watawa wanaokadiriwa 500, walioapa kutomiliki kitu wala kurudisha pigo. Pigo walilipata kweli, kwa maana wapinzani wao hawakuwa na haya.

Sasa tuje kwa mtu wetu. Mwaka 1766, katika kijiji cha Shekhpat karibu na mji wa Jamnagar, katika nyumba ya maseremala, alizaliwa mtoto akaitwa Lalji. Alirithi kazi ya wazee wake: msumeno, randa, patasi na nyundo. Alitengeneza yale yanayotakiwa na wakulima, akaoa, akapata watoto. Hakuna lolote katika nusu ya kwanza ya maisha yake ambalo lingempa mtu sababu ya kuliandika jina lake. Tunaomba mlikumbuke neno hili, kwa maana tutalirudia.

Mwaka 1804 Swaminarayan alipita Shekhpat akiwa njiani kwenda nchi ya Kachchh, ng'ambo ya jangwa la chumvi liitwalo Rann. Alitaka mtu wa kumwonyesha njia, na Lalji akajitolea. Akiwa fundi mwenye busara, alifunga chakula, akajaza maji, na akaficha fedha kidogo kwa ajili ya dharura. Husimuliwa kwamba hawajafika mbali chakula kilikwenda kwa maskini waliyemkuta njiani, maji yakamwishia mwenye kiu, na wanyang'anyi walipotokea, ni Swaminarayan mwenyewe aliyewaonyesha fedha zilikofichwa. Fundi akabaki mikono mitupu katikati ya jangwa, na mwenzake akimwambia kwamba sasa hawana tena cha kuogopa. Sisi wafanyabiashara kisa hiki hutuchekesha, na pia hututia uchungu kidogo.

Wakafika kijiji cha Adhoi huko Kachchh wakiwa na njaa. Lalji alitakiwa aende kuomba chakula majumbani. Akajibu kwamba haiwezekani, kwani Adhoi ndiko waliko wakwe zake, na kila mtu anamfahamu. Swaminarayan akamwambia kwamba dawa ya hilo ni rahisi. Akamkata masharubu na shungi la nywele, akamvua nguo za mji, akampa vazi la mtawa na mfuko wa kuombea, akamtuma aanzie kwenye mlango wa wakwe zake hasa. Naye akaenda. Wazee wetu mliopo hapa mnajua uzito wa ukwe. Hebu fikirini mkwe, mtu mzima mwenye watoto, anasimama mlangoni kwa mama mkwe akiwa amenyolewa, na bakuli mkononi. Sisi hatujui ni nani katika nyumba ile aliyelia zaidi.

Siku hiyo alipewa jina jipya. Katika lugha za kwetu, kul ni ukoo. Nish ni pasipo. Anand ni furaha. Nishkulanand, yaani mwenye furaha asiye na ukoo. Katika nchi hii ya Rungwe jambo hilo lina ladha ya pekee, kwa sababu hapa majina mengi ya koo huanza na Mwa-, na mtu husikika ni mwana wa nani kabla hajafungua kinywa. Huyu alikubali kuitwa mtu asiye wa mtu yeyote. Lakini kazi kubwa ya maisha yake ikawa kuandika, kijiji kwa kijiji, watu wengine walikuwa nani na walitoka wapi.

Kuwa mtawa hakukumwondolea ufundi. Mjini Vadtal alitengeneza bembea ya mbao yenye milango 12, ambayo inasimuliwa hadi leo kila panapozungumzwa useremala wa Kigujarati, na wazee husema kwamba wafuasi walimwona Swaminarayan ameketi katika milango yote 12 kwa wakati mmoja. Hekalu la Dholera, lililofunguliwa mwaka 1826, lilijengwa chini ya usimamizi wake. Ni katika mji huo alikofia mwaka 1848, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Kati ya patasi na kalamu aliacha vitabu zaidi ya 20, vingi vya mashairi, na nyimbo zisizo na idadi. Wimbo wake mmoja juu ya kujinyima ulimgusa Mahatma Gandhi, naye mwana wa Kathiawar, kiasi kwamba Gandhi alimtaja mshairi huyu kwa jina katika kitabu cha maisha yake. Kwa hiyo wengi ulimwenguni wamekutana na seremala wa Shekhpat bila kujua wamekutana naye.

Kitabu tunachotaka kukizungumza leo kinaitwa Bhaktachintamani. Ni historia ya maisha ya Swaminarayan na ya wafuasi wake, katika sura 164, zote kwa mashairi. Kilikamilika muda mfupi baada ya Swaminarayan kufariki mwaka 1830. Wakati ule mambo mazito ya dini yaliandikwa kwa Kisanskriti, lugha ya makuhani, na wenzake kadhaa walifanya hivyo. Yeye aliandika Kigujarati, lugha ya sokoni na jikoni, ambayo mkulima aliielewa ikisomwa na mkewe aliielewa akiwa anasaga nafaka. Watawa wale walikuwa na desturi njema ya kutunza kumbukumbu. Mazungumzo ya mwalimu wao, yaliyokusanywa na wenzake Nishkulanand kuanzia Novemba 1819, yameandikwa pamoja na tarehe, kijiji, mahali alipoketi, hata rangi ya nguo alizovaa. Bhaktachintamani kilizaliwa katika nyumba yenye mazoea hayo. Ndani yake mna safari, sherehe, mateso ya watawa, na njaa kubwa ya mwaka 1813 iliyoifanya Kathiawar ikauke.

Lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo sisi tulilidharau kwa miaka 50. Baada ya kusimulia mambo makubwa, mwandishi anaanza kuorodhesha watu. Anapita nchi baada ya nchi, kijiji baada ya kijiji, akiwataja kwa majina wale waliomfuata Swaminarayan: wakulima, maseremala wenzake, washona nguo, wafinyanzi, waume kwa wake. Sura nyingi zinakwenda hivyo. Kijiji fulani, fulani na fulani, nao ni wa kazi fulani. Kijiji kingine, wengine. Hakuna muujiza, hakuna vita. Ni majina tu, yamepangwa kwa vina.

Nyumbani kwetu kitabu hiki kilisomwa jioni katika mwezi wa Shravan, ambao ni mwezi wa mfungo. Bibi yetu mzaa baba alisoma, sisi watoto tulilala chini kwenye mkeka. Kisa cha wanyang'anyi tulikisubiri kwa hamu. Zilipofika orodha tulisinzia, na baba yetu naye, Mungu amrehemu, alitazama saa. Siku moja tulimwomba bibi azirushe kurasa hizo. Alituangalia kwa muda bila kutukemea, kisha akaendelea kusoma. Alipofika kwenye kijiji cha kwao alikozaliwa, alijifunika kichwa kwa ncha ya sari, akasoma polepole, akagusa ukurasa, akajigusa macho. Bibi huyo alipanda jahazi akiwa binti asiyetimiza miaka 20, akaletwa nyanda hizi za juu ambako hakuna aliyekijua kijiji chake. Wala hakukiona tena. Bali katika kitabu kilikuwapo, na watu wake walikuwamo.

Tupime sasa kazi hii kwa haki. Nishkulanand hakuandika kama wanavyoandika maprofesa. Alimwandika mtu aliyemwabudu, na hakuficha mapenzi yake. Miujiza ni mingi, wapinzani hawapewi nafasi ya kujitetea, na mtafutaji wa historia hana budi kusoma akiwa macho. Tuna wenzetu wasiopenda kusikia hivyo, na tunawaheshimu. Hata hivyo tunadhani hakuna aliyetunga uongo ili aorodheshe wafinyanzi. Orodha zile hazikumpatia zawadi kwa mfalme yeyote. Mwaka 1825 askofu wa Kiingereza, Reginald Heber, alikutana na Swaminarayan mjini Nadiad, na baadaye habari za safari yake zilichapishwa zikasomwa Ulaya nzima. Kwake tunajifunza kwamba mwalimu alikuja na wapanda farasi karibu 200 wenye silaha. Ni shahidi mzuri, aliona alichokiona. Lakini wapanda farasi hao kwake ni idadi. Ukitaka kujua watu wa namna ile walikuwa ni akina nani, huna budi kwenda kwa seremala.

Hapa ndipo tunapofika Masukulu.

Wengi wenu mnalikumbuka duka la baba yetu. Lilikuwa la bati, na mbele palikuwa na mwembe ambao sasa haupo. Humo aliuza chumvi, mafuta ya taa, majembe, vitenge na sukari ya kupimwa, akanunua ndizi na mahindi yenu. Sisi tulikulia nyuma ya kaunta ile, na Kinyakyusa chetu, ambacho kina lafudhi ya kuchekesha, tulifundishwa na ninyi. Baba yetu aliweka hesabu zake kwa Kigujarati katika chopda, yaani daftari kubwa lenye jalada jekundu la kitambaa. Majirani huenda hamjui kwamba sisi wafanyabiashara wa Kihindu daftari hilo tunaliombea dua. Kila sikukuu ya Diwali daftari la mwaka mpya huwekwa mbele ya mungu, likapakwa unga mwekundu, likatiwa maua, ndipo mstari wa kwanza ukaandikwa. Kwetu kuandika hesabu ni ibada.

Baba yetu alipofariki, madaftari yalibaki ndani ya sanduku la bati. Hatukuyafungua hadi mwaka jana, kamati ilipotutaka tuandike historia ya ujenzi wa hekalu kwa ajili ya kitabu hiki cha maadhimisho. Tulikuwa tumekwisha kuandika kurasa nne. Zilikuwa kurasa nzuri: nani alitoa kiwanja, nani alitoa saruji, nani alileta sanamu kutoka Jaipur, nani alifungua, kila mmoja na jina lake kamili na jina la baba yake. Tukafungua sanduku kutafuta kiasi cha fedha ambacho baba alichangia, kwa kuwa, tuseme ukweli, tulitaka nacho kionekane.

Tukakuta ukurasa wa ujenzi. Baba yetu alisimamia mbao na mchanga, na vyote viwili vilitoka huku. Ameandika siku, kipimo, na malipo, kwa mkono safi kabisa. Seremala wa Masukulu, milango miwili, siku 14. Wabeba mchanga, watu sita. Mwashi na msaidizi. Mama wa ndizi, mikungu mitatu kwa chakula cha mafundi. Hakuna jina hata moja. Kila mmoja ameandikwa kwa kazi yake, kama vile randa na beleshi zilikuja zenyewe na kuanza kufanya kazi.

Tulifungua basi kurasa za madeni za mwaka uleule. Wote mliokuwa mkikopa mmo! Jina, jina la baba, jina la ukoo limeandikwa sawasawa, kitongoji, hata alama ya nyumba: ng'ambo ya mto, karibu na mkuyu, nyuma ya kanisa. Baba yetu aliyajua majina ya Masukulu kuliko karani wa kodi. Mtu aliyekuwa anadaiwa na sisi alistahili mistari miwili. Mtu aliyejenga nyumba ya mungu wetu akalipwa ujira wake alistahili neno moja, kwa sababu hesabu yake ilikuwa imefungwa.

Hatumlaumu marehemu baba yetu. Daftari la duka ndivyo lilivyo, na sisi tungeandika vilevile. Kurasa zetu nne ni ushahidi, kwani hizo tuliziandika sisi, mwaka jana, na hatukumkumbuka seremala hata kwa kazi yake.

Kinachotuuma ni kwamba tunamkumbuka vizuri. Alikuwa mrefu, mwenye kovu kwenye kidole gumba. Alifanya kazi nyuma ya duka kwa sababu palikuwa na kivuli, na sisi tukitoka shule tulikusanya maranda yake tukayachezea, tukajifanya ni ndevu za watawa. Alitufundisha kushika patasi. Milango ile miwili ndiyo mnayoipita mpaka leo mkija hekaluni. Imebadilishwa bawaba tu. Tulimwita Fundi. Tulimwita Fundi kwa siku 14, na baadaye kwa miaka kila tulipokutana naye njiani, na haikutujia kuuliza zaidi. Usiku ule tuliofunga lile sanduku, tulifikiri juu ya Lalji wa Shekhpat. Kama baba yetu angekuwa ndiye mwenye kuandika hesabu za Kathiawar, mwandishi wa Bhaktachintamani angebaki katika mstari mmoja: seremala, bembea moja.

Tulipeleka jambo hili kwa kamati. Baadhi ya wenzetu walisema kwamba mafundi walilipwa, na kitabu cha maadhimisho ni cha waliotoa, si cha waliolipwa. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na aliyeitoa ni mtu tunayemheshimu. Tulimjibu kwamba hata mwenye kutoa saruji aliiuza nyingine mwezi uleule. Tukaongeza kwamba Nishkulanand hakuuliza kila mtu alitoa nini kabla ya kumwandika. Mwishowe tulikubaliana hivi: kurasa zinaweza kuongezwa, ikiwa majina yatapatikana, na ikiwa yatathibitishwa na watu wa huku wenyewe. Ndiyo sababu ya kuja kwetu.

Wazee wetu, tunafahamu kwamba miaka imepita na wengi wametangulia. Lakini ninyi mnayo desturi ambayo ni tajiri kuliko madaftari yetu. Tumesimama makaburini pamoja nanyi mara nyingi, na hakuna mtu anayeshushwa kaburini kabla historia yake fupi haijasomwa: alizaliwa wapi, mwana wa nani, alisoma wapi, alibatizwa lini, alifanya kazi gani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Wenzetu Wamoraviani, ambao wamisionari wao wa kwanza walifika Rungwe mwaka 1891, wanatoka katika kanisa lenye mazoea haya tangu karne ya 18. Huko Herrnhut, Ujerumani, waumini wao waliandika kila mmoja habari za maisha yake ili zisomwe siku ya maziko yake, mwokaji mikate sawa na askofu, na maelfu ya karatasi hizo yametunzwa hadi leo. Kwa hiyo tunapowaeleza habari za mtawa aliyeandika majina ya wafinyanzi, hatuwafundishi jambo geni. Tunakuja kuomba kwenu kile ambacho sisi tulikiacha kipotee.

Kwa hakika historia fupi ya yule fundi ilisomwa. Tuliambiwa alifariki, nasi hatukuhudhuria maziko. Tulikuwa mjini na mzigo uliokuwa ukishushwa. Mahali fulani, katika nyumba mojawapo ya hapa, huenda ipo karatasi ya daftari la shule imekunjwa ndani ya Biblia au chini ya godoro, na juu yake pameandikwa jina lake na la baba yake. Na kama karatasi hakuna, yupo anayekumbuka.

Tunayoyatafuta ni haya. Seremala wa milango, tuliyekwisha kumweleza. Mwashi na msaidizi wake, ambao hatuna kumbukumbu nao ila kwamba mmoja alikuwa akiimba bila kuchoka. Wabeba mchanga sita, waliokuwa vijana, na yamkini baadhi yao wameketi hapa wakitucheka kimoyomoyo. Na yule mama wa mikungu mitatu. Huyo tunamtafuta kwa namna ya pekee, kwa sababu baba yetu ameandika malipo ya wote isipokuwa yake. Mbele ya mikungu ile safu ya malipo ni tupu. Ama aliwapa mafundi chakula bure, na basi jina lake linastahili kuingia katika orodha ya waliotoa, hata kwa kipimo cha wenzetu wa kamati. Ama alikopwa na hakulipwa, na basi deni hilo ni letu, na tumekuja nalo.

Daftari jekundu la mwaka ule tumelileta, liko pale mezani karibu na masufuria ya chai. Kando yake tumeweka daftari jipya, na kijana wetu mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko wetu ataandika kila mtakachomwambia, kwa Kinyakyusa au kwa Kiswahili, kisha atawasomea ili mrekebishe. Tafadhali msimruhusu aandike Fundi. Mzee asiyeweza kukaa muda mrefu aanze yeye. Chakula kitakuwa tayari saa nane, hakina nyama, mtatusamehe, na gari litawarudisha wanaokaa mbali kabla mvua ya jioni haijaanza.